Uzi wa Timazi na Pimamaji Vinapotofautiana: Kipi Kifuatwe?

Msomaji wetu wa Mikindani, mkoani Mtwara, ameandika hivi: "Shikamoo, mwalimu. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu kwa matofali ya saruji ya inchi sita, na ukuta wa upande wa baharini umefika kozi (safu ya matofali) ya kumi na moja. Fundi wangu ameupima kwa pimamaji ya sentimita 60, na kila anapoiweka kiputo kinakaa katikati. Juzi jioni nilifunga jiwe kwenye kamba ya nailoni nikaliteremsha kwa nje, kutoka kwenye kijiti nilichokilaza juu ya ukuta. Juu, kamba iko sentimita 4 kutoka ukutani. Chini, iko sentimita 6. Fundi anasema kamba yangu ilidanganywa na upepo, na babu jirani yetu anasema vilima vya huku huvuta kamba. Nimfuate nani?"

Marahaba, binti yangu. Swali lako linastahili jibu refu, lakini lile fupi ulipate mapema: kwa kipimo cha juzi jioni siwezi kusema kwamba ukuta wako umeinama nje kwa sentimita 2 huko juu, na kwa kiputo cha fundi wako siwezi kusema kwamba umesimama wima. Vipimo vyote viwili vina shaka. Tofauti yake ni kwamba shaka ya uzi unaweza kuiondoa wewe mwenyewe kesho alfajiri kwa ndoo ya maji na kipande cha chuma, na ukishaiondoa, uzi ndio utakaoamua, wala hakutakuwa na haja ya kubishana tena na mtu.

Nianze na sababu ya kuupa uzi mamlaka hayo. Kitu kizito kilichofungwa kwenye uzi laini huvutwa chini na dunia na huzuiwa na uzi, na hakiwezi kutulia mpaka mavuto hayo mawili yakae kwenye mstari mmoja. Ubao au fito inaweza kukaa imeinama kwa sababu ina ugumu wake yenyewe; uzi hauna ugumu huo, hujua kuvutwa kwa urefu wake tu. Kwa hiyo unapotulia bila kuguswa na kitu, uzi huwa umechora hewani uelekeo uleule ambao kila tofali la ukuta wako lingeuelekea kama lingeachiwa lianguke, na huo ndio wima ambao ukuta unauhitaji. Mwashi hatafuti wima kwa ajili ya kupendeza macho peke yake. Anautafuta ili uzito wa kila kozi uishukie kozi iliyo chini yake, mpaka kwenye msingi.

Pimamaji ni mdogo wa timazi, yaani wa uzi wenye uzito. Kichupa chenye kiputo kilibuniwa na Mfaransa Melchisédech Thévenot karibu mwaka 1661, na kwa maelfu ya miaka kabla yake waashi walipata wima, na hata mlalo, kwa uzi wenye uzito. Katika kaburi la Sennedjem, fundi wa Misri ya kale, kilikutwa kifaa cha mbao chenye umbo la herufi A, ambacho uzi wake uliteremka kutoka kileleni; uzi ulipokatiza alama iliyo katikati ya upapi wa kati, fundi alijua kwamba miguu ya kifaa imekaa mlalo. Nasema haya kwa sababu mafundi wengi vijana hudhani kwamba timazi ni chombo cha asiyekuwa na uwezo wa kununua pimamaji, ilhali pimamaji yenyewe, ikitiliwa shaka, huhakikiwa kwa timazi.

Babu jirani yako hakubuni jambo, na ningependa umpelekee maneno haya kwa heshima. Ni kweli kwamba mlima huvuta uzi. Mwaka 1774 mtaalamu wa nyota wa Uingereza, Nevil Maskelyne, alipeleka vyombo vyake kwenye mlima Schiehallion huko Uskoti, mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 1,000, akapima kwa kutumia nyota jinsi uzi wa timazi ulivyoelekea upande wa kusini na upande wa kaskazini wa mlima ule. Aliona kwamba kila upande uzi ulivutwa kuelekea mlimani, na jumla ya pande zote mbili ilikuwa karibu sekunde 12 za pembe, yaani kama sekunde 6 kwa kila upande (sekunde moja ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Sasa tuilete pembe hiyo kwenye ukuta wako wenye kimo cha mita 2.75: sekunde 6 za pembe zinasogeza ncha ya chini ya uzi kwa karibu sehemu 8 za mia za milimita moja, ambao ni unene wa unywele mmoja. Vilima vya Mikindani ni vidogo mno ukivilinganisha na mlima ule, na sentimita 2 ulizozipata wewe ni mara 250 ya unywele huo. Tena hata kama vilima vingekuwa na nguvu hiyo, vingeuvuta ukuta wako pia pamoja na maji ya kwenye kichupa cha fundi, kwa hiyo wima ungebaki kuwa uleule unaoonyeshwa na uzi.

Kuna jambo jingine la namna hiyo ambalo babu huenda akalifurahia. Shuleni tulifundishwa kwamba timazi huelekea katikati ya dunia. Kwa hakika, kwa sababu dunia huzunguka na imebonyea kidogo kwenye ncha zake, uzi ulioning'inizwa Mtwara, karibu digrii 10 kusini mwa ikweta, ukirefushwa mpaka ndani kabisa ya dunia, utapita kando ya kitovu kwa kilomita 7 hivi. Hilo nalo halimhusu mwashi, kwa kuwa uso wa maji yaliyotulia, ukiwa ni bahari au ni maji ndani ya beseni lako, hukaa pembe mraba na uzi huo, na wala haukai pembe mraba na mstari uendao kwenye kitovu.

Fundi wako naye ana hoja, na hoja yake ni nzito kuliko anavyodhani mwenyewe. Watu wengi huamini kwamba upepo ukiutikisa uzi utauona, na usipotikisika basi hakuna neno. Sivyo. Upepo wa vishindo huutikisa uzi, lakini upepo wa mfululizo, kama kusi ya alasiri, huusukuma uzi pembeni na kuushikilia hapohapo, ukaonekana umetulia ilhali umekengeuka. Nilikaa nikapiga hesabu kwa hali inayofanana na yako: uzi wenye unene wa milimita 1 na urefu wa mita 3, uliofungwa uzito wa gramu 200, ukipigwa na upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao ni upepo wa kawaida tu wa pwani, husogea chini kwa zaidi ya sentimita 3 kwa sababu ya uzi peke yake, kabla hujahesabu upepo unaolipiga jiwe lenyewe. Uzi uleule ukifungwa kilo 1 husogea chini ya sentimita 1. Na kilo hiyo moja ikifungwa kwenye mshipi mwembamba wa kuvulia, wenye unene usiofika nusu milimita, kusogea huko hushuka mpaka milimita 3 hivi. Kwa hiyo sentimita 2 ulizoziona zinaweza kabisa kuwa ni upepo mtupu.

Hata hivyo fundi asiifanye hoja hiyo kuwa kinga yake, kwa sababu upepo una mwelekeo. Kama juzi jioni ulikuwa ukitoka baharini moja kwa moja kuja ukutani, basi ungeusukuma uzi kuukaribia ukuta, na nafasi ya chini ingepungua badala ya kuongezeka. Katika hali hiyo, mwinamo halisi ungekuwa mkubwa kuliko ulioupima. Kama ulikuwa ukipita kwa ubavu au ukizunguka kona ya nyumba, ungeweza kuupeleka uzi popote. Hukuniambia upepo ulitoka wapi, na ndiyo maana sitoi hukumu.

Sasa upime upya, na ufanye hivi. Amka alfajiri, wakati upepo bado haujaamka, na kama majirani wana majani ya mnazi yanayoonekana, yatazame kwanza: yakiwa yametulia, anza kazi. Liache jiwe. Tafuta chuma cha kilo 1 au zaidi, kwa mfano nati kubwa kadhaa zilizofungwa pamoja au kipande cha nondo nene, au omba kwa wavuvi wa hapo hapo Mikindani chubwi kubwa ya risasi. Badala ya kamba ya nailoni iliyosokotwa, tumia mshipi mmoja usiosokotwa, kwa sababu kamba ya nyuzi tatu ikibebeshwa uzito hujisokotoa, na uzito ukazunguka muda mrefu bila kutulia. Funga mshipi kwenye kijiti imara kilichochomoza juu ya ukuta, ukigandamize kijiti kwa tofali ili kisicheze, na hakikisha kwamba kuanzia kwenye kijiti mpaka kwenye uzito mshipi haugusi chochote: si tofali lililotokeza, si tone la udongo wa saruji lililogandia ukutani, si utando wa buibui. Uzi ulioguswa mahali pamoja, hata kwa wepesi wa unyoya, hauwi tena mstari mmoja wa wima kutoka juu mpaka chini.

Uzito uuzamishe wote ndani ya ndoo ya maji, bila kugusa kitako wala ubavu wa ndoo. Maji hayabadilishi uelekeo wa uzi. Kazi yake ni kuuvunja mchezo wa kwenda na kurudi, na pia kuuficha uzito usipigwe na hewa. Uzi wa urefu wako huenda na kurudi kwa sekunde 3 na kidogo, na bila maji unaweza kuusubiri dakika nyingi. Ndani ya maji hutulia upesi, na ndani ya oili chafu ya gari hutulia upesi zaidi. Hapa ndipo jiwe linaposhindwa na chuma tena: jiwe likizama hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, chuma hupoteza karibu sehemu moja ya nane, na risasi sehemu moja ya kumi na moja tu. Usihangaike na umbo la uzito. Hata ukiwa umekaa upande upande, maadamu unausoma mshipi na huusomi uzito, mshipi utakuwa wima. Ni pale tu fundi anaposoma kwa ncha au kwa ubavu wa timazi lenyewe ndipo timazi hilo linapopaswa kuwa limechongwa sawasawa.

Na hilo linanikumbusha timazi la dukani, lile la mche wa duara lenye kibao kidogo ambacho uzi hupita katikati yake. Fundi hukigandamiza kibao ukutani juu, akaliteremsha timazi chini, na ukuta ukiwa wima timazi huugusa kwa wepesi, karibu kama linaubusu. Ni chombo kizuri sana, lakini upana wa kibao lazima ulingane na kipenyo cha timazi. Mara nyingi kibao cha asili hupotea, fundi akakata kingine kwa msumeno, kikawa kipana zaidi kwa milimita 3, na kuanzia siku hiyo kila ukuta anaoujenga unarithi nusu yake, yaani milimita 1.5. Chembe moja ya mchanga iliyonaswa kati ya kibao na tofali hufanya kosa la namna hiyohiyo. Fundi wako akiwa nalo, mwombe akuonyeshe kibao na timazi vikiwa vimelazwa pamoja juu ya kioo au ubao ulionyooka.

Mshipi ukishatulia, pima kwa rula kutoka ukutani mpaka kwenye mshipi. Rula ikae mlalo, jicho moja lifumbwe, jingine liwe mbele ya mshipi kabisa, na rula isiusukume. Usipime juu na chini peke yake. Pima katikati ya kila kozi, zote 11, ukiandika namba ubavuni kwa chaki, kwa sababu namba mbili zitakuambia tu kwamba ukuta umeinama, lakini namba 11 zitakuambia umeanza kuinama wapi. Kama tofauti inaongezeka kidogo kidogo tangu kozi ya kwanza, chanzo ni kipimo kibovu kilichotumika siku zote. Kama kozi 6 ziko sawa na ya saba inaanza kutoka nje, chanzo ni siku moja ya kazi: pengine udongo wa saruji ulikuwa na maji mengi na kozi nyingi zikapandishwa kwa pamoja zikazama upande mmoja, au uzi wa kona haukukazwa. Ukimaliza hapo, nenda kwenye kona ya nyumba uteremshe mshipi mara mbili, mara moja kwa kila uso, kwa kuwa mshipi uliokaa mbele ya uso mmoja haukuonyeshi mwinamo wa kuelekea upande wa pili.

Wenye nyumba kongwe za mawe ya matumbawe hapo Mikindani wana sababu ya ziada ya kuutegemea uzi. Uso wa kuta hizo una mabonde na vilima vyake, na pimamaji fupi ikiwekwa juu yake husoma jiwe moja na jirani yake tu, haiusomi ukuta. Uzi huusoma ukuta mzima kwa pamoja.

Nirudi kwenye pimamaji ya fundi wako. Kuihakiki hakuhitaji kifaa kingine. Iegemeze ukutani ikiwa imesimama, chora alama mbili ukutani, juu na chini, ukitazama kiputo kimekaa wapi. Kisha izungushe, juu yake ikibaki juu, ili ubavu wake wa pili ndio uguse ukuta kwenye alama zilezile. Pimamaji nzima itatoa jibu moja mara zote mbili. Kiputo kikihama kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili, kichupa chake kimekengeuka, na ukweli uko katikati ya masomo hayo mawili. Sentimita 2 kwa mita 2.75 ni kama milimita 7 kwa kila mita, na kwa urefu wa sentimita 60 ni kama milimita 4 tu. Kosa la kiasi hicho hupatikana kwa urahisi katika pimamaji iliyowahi kuanguka kutoka kwenye jukwaa.

Nilipokuwa fundi kijana mjini Lindi nilisimamisha fremu nne za milango kwa pimamaji niliyoiazima. Mlango wa kwanza ulipotiwa bawaba ulijifungua wenyewe polepole mpaka ukagusa ukuta, na wa pili ukafanya vivyo hivyo, kwa upande uleule. Nilipoteremsha uzi nilikuta milimita 9 kwa urefu wa mita 2 katika kila fremu. Kichupa kilikuwa kimelegea ndani ya mwili wa pimamaji, na ukikibonyeza kwa kucha kilicheza. Tulivunja lipu kuzunguka fremu zote nne, na tangu hapo sijasimamisha nguzo wala fremu kwa pimamaji ambayo sijaigeuza kwanza siku hiyohiyo.

Ukishapata namba zako, mimi ningeamua hivi. Tofauti ya milimita 5 kwa ukuta wote ni kazi nzuri, na ningeipokea bila neno. Mpaka milimita 10 ningeipokea pia, lakini fundi angeihakiki pimamaji mbele yangu kabla ya kuendelea. Zikithibitika sentimita 2, nisingekubali zifichwe kwa lipu, kwa sababu kwa nje lipu ya chini ingehitaji unene wa zaidi ya sentimita 3, na lipu nene kiasi hicho ikipakwa kwa mkupuo mmoja hujiachia na kupasuka.

Zaidi ya lipu kuna suala la uzito. Ukuta wa inchi sita una unene wa milimita 150, na kanuni ya uashi ni kwamba jumla ya uzito ibaki ndani ya theluthi ya kati, yaani isitoke zaidi ya milimita 25 kutoka mstari wa katikati. Ukuta uliotoka milimita 20 juu haujavuka mpaka huo, wala hautaanguka leo, lakini akiba iliyobaki kwa ajili ya paa na upepo ni ndogo, na pwani yetu si ya kupuuzia upepo. Lindi ilipigwa na kimbunga mwezi Aprili 1952. Kwa hiyo, kama namba za chaki zitaonyesha kwamba mwinamo umeanza kwenye kozi za juu, ziteremsheni kozi hizo sasa, kabla mbao za paa hazijapandishwa, na matofali mengi mtayatumia tena kama udongo wa saruji bado haujashika sana. Kama mwinamo umeanza kwenye kozi ya kwanza, usimruhusu mtu apandishe chochote juu ya ukuta huo mpaka mhandisi wa majengo aje autazame, na siku atakayokuja muache mshipi ukiwa umening'inia palepale na namba zako 11 zikiwa ukutani.